Haal ya Risasi

Waliponiuliza nataka haal gani, niliwajibu risasi.

Wazee wa pande mbili walikuwa wameketi mkekani kwa Adeer Korane, ndugu wa marehemu baba yangu, hapa Garissa. Mimi nilikuwa mlangoni juu ya kiti cha plastiki kwa sababu nilikataa kukaa nyuma ya pazia. Mzee mmoja alisahau kikombe chake cha chai hewani. Adeer alinikazia lile jicho la utotoni, la siku nilizokuwa nikikataa kusalimia wageni.

"Risasi gani?" akauliza Mzee Aden, msemaji wa upande wa pili.

"Za mazoezi," nikasema. "Za bei ya chini. Sitaki kuwaumiza."

Kwa asiyejua mila zetu Wasomali, haal si mag. Mag ni fidia ya damu. Mtu akiuawa, ukoo wa aliyeua hutoa ngamia kwa ukoo wa aliyeuawa, mikono ikashikwa, Fatiha ikasomwa, mambo yakaisha. Haal ni kitu kidogo cha kumpoza mtu aliyeumizwa moyo. Inaweza kuwa mbuzi, shuka, au pete ya dhahabu. Unaichukua, unasema nimepoa, watu wanarudi makwao. Mag ya ndugu yangu ilikuwa imeshatolewa zamani. Sasa walikuwa wamekumbuka kwamba hakuna aliyenipoza mimi, na walikumbuka kwa sababu nilikuwa nimenunua bastola.

Ndugu yangu alikuwa Abshir. Mama alifariki Abshir akiwa hajaota meno, nikamlea mimi, nikamwogesha mimi, na nikamchapa mimi alipostahili. Alipokua akawa dereva wangu. Mimi huuza vitambaa na magodoro kwa jumla, na tulikuwa tukipeleka mzigo Dadaab kwa pikapu, tunarudi na pesa za wenye maduka. Ramadhani iliyopita, akirudi peke yake, tairi lilipasuka njiani. Akainama nyuma ya gari kulibadilisha. Lori la maji likatokea likielekea huku Garissa, jua la alasiri likiwapiga machoni waliokuwa ndani. Mbele, karibu na dereva, alikaa Issack, kijana wa polisi wa akiba aliyepewa bunduki kulilinda hilo lori. Wiki ile ile lori jingine lilikuwa limevamiwa na majambazi. Issack aliona mtu akiinuka nyuma ya gari na chuma mkononi, akapiga. Kile chuma kilikuwa spana ya tairi.

Walimpakia kwenye lori lenyewe wamkimbize hospitali, akafia njiani. Hayo ndiyo niliyoambiwa. Wazee wakakaa, ngamia wakatoka, kesi nayo ikafa kifo chake. Fatiha ikishasomwa mtu haulizi tena, ukiuliza unafukua kaburi. Fungu langu la ngamia waliniambia liko Bura kwa watoto wa Adeer, linanyonyesha.

Sikulia. Sisemi hivi kwa kujisifu. Wanawake walikuja matangani wakanishika mabega, wakanitikisa kidogo kama watu wanaoamsha mgonjwa, na mimi nikawauliza kama chai imewatosha. Nilikula kwa sababu saa ya kula ilifika. Siku moja nilishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu na sikujua mpaka nilipoona malengelenge. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na wallahi sikuona ubaya wake, maana nilikuwa nafanya kazi vizuri kuliko zamani.

Bastola niliinunua kwa kuwa biashara haijui matanga. Dereva mpya, Shuaib, ni mwoga hata wa mbwa, na pesa za watu lazima zirudi salama. Nikaomba leseni, nikapimwa, nikaulizwa maswali, nikasubiri hadi nikasahau kwamba nasubiri. Siku leseni ilipotoka mji mzima ulijua kabla sijafika nyumbani. Na mji una akili zake. Yurub hakulia, wakasema. Yurub hakumlaani mtu. Yurub amenunua bastola. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Watu wa Issack wakaanza kumhamisha, leo alale kwa shangazi, kesho msikitini. Watu wangu nao wakaanza kuniuliza kwa kuzunguka zunguka kama nitampiga.

Sikuwajibu. Hawakuamini, lakini sikuwa naficha jambo. Nilikuwa sijui. Nilijisikiliza asubuhi, nikajisikiliza baada ya sala, na hakukuwa na kitu cha kusikia. Nikajiambia nitajua siku Issack atakaposimama mbele yangu na silaha iko karibu. Basi, hiyo ndiyo iliyokuwa nia yangu yote. Najua nilichokuwa nachezea. Ningempiga, ukoo wangu ungelipa ngamia upya, na pengine kabla hawajalipa kijana mwingine wa kwetu angelala barabarani. Nilijua hayo kama ninavyojua bei ya magodoro, bila kunipandisha wala kunishusha.

"Risasi za mazoezi," Mzee Aden alirudia polepole pale mkekani, "zinaua?"

Adeer Korane, ambaye maisha yake yote ameshika fimbo, tasbihi na simu, alijibu kabla sijafungua mdomo. "Zingekuwa zinaua zingeitwa za mazoezi? Ni za kutobolea karatasi. Askari wachanga huanzia hizo."

Mzee mwingine akasema bila shaka ni za mpira. Wa tatu akasema ni kama zile za kwenye filamu, zina kishindo tu. Wakasaidiana hivyo hivyo mpaka risasi ya mazoezi ikawa kitu unachoweza kumpa mtoto siku ya Idi. Walitaka sana iwe hivyo. Wakikataa kutoa haal niliyoitaja ni aibu kwao, na wakimpa silaha mwanamke anayeweza kumuua mtoto wao ni wazimu, kwa hiyo ilibidi risasi yenyewe iwe haina meno. Mimi nilinyamaza.

Issack alikuwa ameketi nyuma yao, karibu na ukuta, amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Huyu alikuwa polisi wa akiba. Anajua risasi ni nini. Aliinua macho mara moja tu, akanitazama, akayashusha kwenye mkeka. Haal ikapitishwa, nikahesabiwa pesa za kwenda kuzinunua mwenyewe, na wazee wakaomba chai nyingine.

Duka la Elkanah liko Nairobi. Unapita mlango wa chuma, unasubiri kengele, unapita mlango mwingine wa chuma, kisha unamkuta yeye, Mkisii mnene mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Ndiye aliyeniuzia bastola. Aliangalia leseni yangu upya kana kwamba hanijui, akaniwekea risasi aina tatu juu ya kioo.

"Mama, hizi ganda lake ni shaba. Za kiwandani, safi, hazina maneno. Ila bei yake unaiona. Hizi za katikati zimejazwa upya, yaani ganda lilishapigwa, likaokotwa, likasafishwa, likatiwa baruti nyingine. Ni nzuri kama aliyejaza ni mtu mzuri. Na hizi za mwisho ganda ni chuma kilichopakwa rangi. Ndizo rahisi kabisa."

"Zinapiga?"

"Zinapiga. Lakini bastola yako bado mpya, imebana. Inaweza kuzikataa kidogo. Ningekuwa wewe ningechukua chache kwanza, nione kama inazikubali, ndiyo ninunue nyingi."

"Na za kujilinda ni zipi?"

Akanionyesha kasha dogo nyuma yake. Risasi zake zilikuwa na kishimo kwenye ncha. "Hizo huchezei. Unapiga chache ujue bastola inazimeza vizuri, zilizobaki unaweka. Na za mazoezi uchague zenye uzito unaokaribiana na hizo, mkono usije ukajifunza mambo mawili."

"Zinatofautianaje zikimpata mtu?"

Elkanah akaacha kupanga makasha. "Unauliza kwa nini, mama?"

"Nanunua. Wewe ukinunua godoro huulizi ndani kuna nini?"

Alinitazama kidogo, kisha akanijibu kwa adabu, na namshukuru kwa hilo. "Ile ya kishimo inafunguka na kubaki mwilini. Ya mazoezi inapita na kuendelea na safari, inaweza kumpata aliye nyuma. Ndiyo maana watu wanakosea wakidhani ya mazoezi ni nyepesi."

Nikamwomba bei ya jumla. Akacheka, akasema hii si biashara ya magodoro, leseni ina kikomo chake. Nikachukua za chuma. Alijaribu tena kunivutia zile za shaba, nikamkata kauli. Mwaka ule nilichagua kila kitu kwa bei: mchele, sabuni, hata Shuaib.

Alikuwa bado anazifunga simu yangu ilipolia. Adeer Korane. Alitaka kuongea na mwenye duka, na Adeer akitaka kitu hutulii mpaka akipate. Nikaweka sipika.

"Hallo," Adeer akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe ndio nauza risasi? Mimi ni baba yake. Hii ya mazoezi nabiga karatasi beke yake, siyo? Mtu hawezi kufa?"

Elkanah alinitazama mimi, akatazama simu. "Mzee, risasi haijui kama ni mazoezi. Ikitoka, imetoka."

Adeer akaniambia kwa Kisomali nimwondoe kwenye sipika, nikamwondoa.

"Nimewaambia wazee haziui," akasema.

"Nilikuwepo."

"Kwa nini hukunisahihisha?"

"Adeer, tangu lini wewe ukasahihishwa mbele za watu?"

Nilimsikia akivuta pumzi. Ni mtu mzima, ana kifua kibaya. "Utampiga yule mtoto, Yurub?"

"Sijui."

"Sema hapana. Sema tu."

"Nikisema hapana utalala usingizi, lakini nitakuwa nimekudanganya. Sijui."

"Nikienda kwa Aden nikamwambia nilisema nisichokijua, nimejivua nguo barazani. Nisipokwenda na mtoto wake akafa..." Hakumaliza.

"Basi nenda, Adeer."

"Nitakwenda," akasema. Hakwenda. Hilo simlaumu, mag na haal vyote vinasimama juu ya neno la mzee, na mzee akianza kulitafuna neno lake hakuna atakayekaa naye mkekani tena. Elkanah, ambaye hakuelewa hata neno moja la Kisomali, alinipa kifurushi changu akaniambia nisafiri salama.

Uwanja wa shabaha uko nje ya Garissa. Ukiacha lami unafuata njia ya mchanga katikati ya miiba mpaka unaona tuta kubwa la udongo lililosukumwa na tingatinga. Msimamizi wake ni Silas, Mkamba wa Kitui, askari mstaafu aliyefundisha vijana wengi wa huku kushika bunduki. Ni mtu wa taratibu. Alinifundisha kusimama, akanifundisha kupumua, akanifundisha mpaka jinsi ya kuiweka bastola mezani, mdomo wake ukitazama tuta na magazini, kile kikasha cha risasi, imetoka. Akanipa vizibo vya masikio. Nikalenga duara jeusi kwenye karatasi, nikavuta kifyatulio.

Silas alisogea akanichungulia usoni. "Mama, nimefundisha watu miaka mingi. Risasi ya kwanza kila mtu hushtuka. Wewe hukupepesa hata jicho."

"Ni vizuri?"

"Sijui kama ni vizuri," akasema.

Nikaendelea. Risasi chache zilitoka, karatasi ikapata matundu pembeni, kisha ganda likang'ang'ania ndani na bastola ikanyamaza. Silas akalitoa. Nikapiga tena, likang'ang'ania tena. Aliokota ganda moja mchangani, akaligeuza geuza, akaguna.

"Hizi ulizonunua ni za adhabu," akasema. "Iweke mezani, usiiguse. Naenda kutafuta ufito wa kusukumia, uko ndani ya gari."

Gari lake lilikuwa mbali, chini ya kivuli. Alipokuwa anakwenda, pikipiki ya boda boda ikafika langoni ikamshusha mtu. Silas akampungia mkono aingie, kwa sababu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Habari nyingine hakuwa nazo, watu wa bara huwa hatuwaambii mambo haya. Mtu yule alikuja moja kwa moja akipita juu ya mchanga, mikono wazi, hana hata fimbo. Alikuwa Issack.

"Assalamu alaykum, abaayo."

Aliniita dada. Sikuitikia. Kutoitikia salamu ni kosa, najua, lakini ulimi haukuinuka.

Akatazama bastola mezani. "Za chuma hizo," akasema. "Bastola mpya haizipendi. Ungechukua za shaba."

"Niliwaambia za bei ya chini."

"Nilisikia." Akajikuna shingo. "Silas atakuletea ufito, lakini hauhitajiki. Toa magazini kwanza."

"Si ulitoe wewe hilo ganda?"

"Mimi sijashika silaha tangu siku ile. Toa magazini. Sasa vuta hiyo sehemu ya juu nyuma kwa nguvu, usiionee huruma. Tena."

Ganda likaruka likaangukia mchangani.

"Rudisha magazini. Vuta, uachie."

Nikavuta, nikaachia. Bastola ikawa nzima mkononi mwangu, risasi iko tayari, na Issack amesimama karibu kiasi cha kumpa kikombe cha chai. Hakurudi nyuma.

"Ulijua zinaua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Ulikuwa umekaa pale nyuma. Ungewaambia wazee wenu."

"Hawakuniuliza."

"Unajua watu wanasema nini juu yangu na wewe."

"Najua, abaayo. Ndiyo sababu nimekuja huku. Mjini, risasi ya namna hiyo ikinipita itampata mtu mwingine. Kuna watoto. Hapa itaingia kwenye tuta."

Alisema hayo kama mtu anayeelekeza njia. Nami niliisikia sauti yake vizuri, nikaona jasho kwenye mdomo wake wa juu, nikaona kwamba kifungo kimoja cha shati kimekatika. Hii ndiyo siku niliyokuwa nikiingoja. Nikajisikiliza. Hapakuwa na hasira wala huruma, hapakuwa hata na woga wa kukamatwa. Kidole changu kilikuwa ubavuni mwa bastola, pale pale Silas aliponifundisha kukiweka, na ningeweza kukishusha au kutokishusha. Nilijiogopa kidogo wakati ule.

"Zile bunduki tulizopewa," Issack akasema, "risasi zake zilikuwa za zamani. Zilikuwa zinakwama kila mara, tulikuwa tunazitukana. Siku ile haikukwama."

Nikaitazama bastola mkononi mwangu.

"Laiti ingekwama," akasema.

Ndipo likanitoka swali ambalo sikujua ninalo. Fatiha ilishasomwa, mag ilishaliwa, na mtu haulizi. Nikauliza.

"Alisema nini?"

"Nani?"

"Usinichezee, Issack. Ulikuwa naye ndani ya lori. Alisema nini?"

Silas alikuwa kule kwenye gari ameinamia nyuma ya kiti, anatupa vitu huku na huku.

"Nilimpakata," Issack akaanza. "Kichwa chake kilikuwa hapa, mapajani. Hakujua ni mimi niliyempiga. Alidhani ni majambazi, na sisi ndio tumemwokoa. Kila mara alikuwa ananishukuru. Midomo yake ilikuwa imekauka, abaayo, imepasuka. Nikamletea chupa ya maji, akafunga mdomo. Akasema amefunga. Akaniuliza, jua limezama?"

"Lilikuwa limezama?"

"Bado." Akainua mkono wake, kiganja chini, juu ya vichwa vya miiba. "Lilikuwa hapa. Lilikuwa linatupiga machoni. Lakini yeye alikuwa haoni tena. Nikamwambia limezama, ndugu yangu, wameshaadhini. Akasoma dua yake ya kufungua, taratibu, hakuruka hata neno. Akanywa. Akaniambia, Mungu akulipe." Issack akaushusha mkono wake. "Halafu akasema, Yurub atakuwa ameshapanga sambusa. Hakusema kitu kingine."

Nikataka kumwambia anyamaze, na nikataka aendelee.

"Wazee waliniuliza nilikuwa nimekaa wapi," akasema. "Waliniuliza nilipiga mara ngapi, na dereva alikuwa nani. Hilo la maji hakuna aliyeniuliza. Nilimdanganya mtu anayekufa, nikamfungulisha saumu yake kabla ya wakati. Nimekaa nalo mpaka leo. Nilisema wewe ukiniuliza nitakuambia, na usiponiuliza, basi."

"Alikunywa yote?"

"Nusu. Nyingine ilimwagika kifuani."

"Maji yalikuwa baridi?"

"Yalikuwa ya moto, abaayo. Chupa ilikuwa imekaa juani."

"Lakini alikunywa."

"Alikunywa. Alisema ni matamu."

Kitu kikaniuma hapa, chini ya mbavu, kikaniuma vibaya hata nikadhani nimepigwa. Mwaka mzima nilikuwa nimemwona Abshir akifa na kiu. Sikumwambia mtu, hata mimi mwenyewe sikujiambia, lakini ndivyo nilivyokuwa nikimwona kila nilipofumba macho, mdogo wangu na mdomo mkavu na mimi sipo. Nikatoa magazini. Nikavuta ile ya juu, risasi ikatoka ikaanguka. Nikaiweka bastola mezani, mdomo wake ukitazama tuta. Wakati huo nilishajua kwamba sitampiga Issack, leo wala kesho, na wala haukuwa msamaha. Sina neno la kuliita.

Kisha nikaketi mchangani katikati ya yale maganda nikamlilia Abshir kwa sauti, vile nilivyotakiwa kumlilia siku ya kwanza, nikimwita majina yake ya utotoni. Issack naye akakaa chini, mbali kidogo, akafunika uso wake kwa mikono yote miwili.

Silas alikuja mbio, ufito mkononi. Akaitazama meza kwanza, kama msimamizi yeyote, akaona bastola haina kitu, ndipo akapiga goti kando yangu.

"Mama, umeumia? Risasi imekurudia?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni ndugu yangu. Alifuturu."